Kidole Gumba Juu ya Jicho la Mtamba

Ihumwa, Alhamisi, saa tisa alasiri. Upepo wa mwezi wa tisa, vumbi mpaka kwenye meno.

Nina kinyaa.

Nimenawa mara nne. Kwanza kwa maji matupu, kisha kwa sabuni ya mche, kisha kwa majivu, na mwisho kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha. Bado kidole gumba cha mkono wa kulia kinanuka ile dawa ya usingizi, utamu wa kuchefua, kama tunda lililooza ndani ya chupa. Mke wangu Eliza amekinusa akasema hakinuki kitu. Nimemwambia pua yake imezibwa na vumbi. Akanitazama tu, akaendelea kupepeta uwele.

Mchana aliniandalia ugali na mlenda. Nikamega tonge, nikalibonyeza kwa kidole gumba kufanya kishimo cha kuchotea, kama nilivyofanya siku zote tangu nilipoachishwa ziwa. Nikachovya. Ule mnato ulipopanda kidoleni niliinuka mkekani mbio, nikaenda kutapika nyuma ya nyumba. Eliza akadhani ni homa. Si homa. Ni kwamba leo asubuhi kidole hikihiki kilikuwa juu ya jicho, nalo lilikuwa na unyevu na mnato uleule.

Nitaandika yote. Daftari hili nalificha chini ya gunia la mbegu na hakuna atakayelisoma, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba.

Mimi ni msaidizi wa mifugo wa daraja la chini kabisa katika kituo kidogo cha serikali hapa karibu na reli. Kazi yangu hasa ni moja. Mnyama akilazwa kwa klorofomu ili apasuliwe, mimi hushika moyo wake. Si moyo wenyewe. Ni mshipa ulio chini ya taya, pale unapopita juu ya mfupa. Naweka vidole viwili vya mkono wa kushoto, natazama saa kubwa ya ofisini ambayo hutolewa nje na kutundikwa kwenye nguzo, nahesabu, kisha naita namba kwa sauti. Karani wetu, Hamisi, mtu wa pwani mwenye mwandiko mzuri na woga mwingi, anaiandika katika daftari la mapigo. Kila baada ya dakika tano tunafanya hivyo, mpaka mnyama aamke.

Kazi hiyo nilijivunia, nikiri. Wenzangu walikuwa wakikamata pembe na kuvuta kamba, wakipigwa mateke na kujaa samadi, mimi nimepiga magoti kichwani kwa mnyama, nimetulia kama padri. Walinitania wakaniita Danieli wa Mapigo. Nilijifanya nimekasirika, lakini jina lilinikaa vizuri. Vidole vyangu vinasikia. Naweza kujua ng'ombe ana hofu, ana njaa, au ana mimba, kwa kugusa tu mshipa ule. Nilipokuwa nikichunga mbuzi wa baba nilikuwa nikilala na kichwa juu ya ubavu wa beberu, nikisikiliza, na kumbe serikali ingekuja kunilipa kwa jambo hilo.

Mkubwa wetu ni daktari Mwingereza. Jina lake halisi tunaliandika tu kwenye barua. Huku nje anaitwa Bwana Upesi, kwa sababu neno hilo halimtoki kinywani. Maji upesi. Kamba upesi. Chai upesi. Hata kifo akikiona nadhani atakiambia upesi. Miaka iliyopita fahali mmoja ambaye dawa haikumkolea sawasawa aliamka kisu kikiwa tumboni, akampiga teke la paja. Tangu siku hiyo Bwana anachechemea, na tangu siku hiyo ana desturi yake ya jicho.

Desturi yenyewe ni hii. Ili kujua mnyama amelala kweli, unamgusa jicho. Akipepesa, bado. Asipopepesa, tayari. Katika kitabu chake kikubwa, kile chenye picha za farasi, aliwahi kunionyesha picha ya ncha ya kidole ikiparaza jicho kidogo tu, kama mtu anayeondoa unyoya. Lakini kuparaza hakumtoshi mtu aliyewahi kuvunjwa paja. Yeye anataka kidole gumba, na anataka kibonyezwe, jicho lizame, mpaka aone kwa macho yake kwamba mnyama hata hajali. “Bonyeza!” ndivyo anavyosema. “Bonyeza upesi!”

Mbonyezaji ni mimi, kwa kuwa niko palepale kichwani.

Sasa nitaandika jambo ambalo nimelijua tangu masika, na ambalo ndilo linalonitapisha kuliko mlenda.

Mara ya kwanza ilikuwa mbwa wa mkuu wa stesheni, aliyekuwa na jipu kubwa. Nilibonyeza jicho, na papo hapo chini ya vidole vyangu vya kushoto mshipa ukasita. Moja, mbili, halafu kimya, halafu tatu, kama mtu anayetembea gizani na kukosa ngazi. Nikaondoa kidole, moyo ukarudi njiani. Nikasema ni bahati mbaya. Mara ya pili ilikuwa punda wa Mhindi mmoja wa mjini anayeuza vitambaa. Nikabonyeza, moyo ukasita, nikaachia, ukarudi. Mara ya tatu nilikuwa nalisubiri jambo hilo. Nilibonyeza nikijua nini kitatokea, na kikatokea.

Nikamwomba Hamisi aandike katika ile safu ya maelezo. Akasema, “Andika mwenyewe, ndugu yangu. Mimi nina watoto.” Basi nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa shule ya misheni: Jicho likibonyezwa, moyo husita.

Siku ya pili yake nilikuta maneno yangu yamekatwa kwa wino mwekundu. Bwana aliniita ofisini, chini ya picha ya Mfalme. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. Alinitabasamia kama unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya babake, akasema, “Danieli, wewe kijana mzuri sana. Wewe andika namba tu. Kufikiri kazi yangu.”

Nikasema, “Ndiyo, Bwana.”

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilijifungia chumbani. Nikajishika mshipa wa mkono, nikafumba jicho moja, nikalibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo. Nikahesabu. Moyo wangu ukapungua. Niliusikia ukipungua, ndani ya mwili wangu mwenyewe, kama baiskeli inayopanda mlima. Nikaachia, nikakaa kitandani muda mrefu huku jicho likinitoka machozi. Eliza aligonga mlango akauliza nalia nini. Nikasema vumbi.

Kwa hiyo nilijua. Sikuwa mjinga wa kusamehewa. Nilijua, na sikusema tena, kwa kuwa nina kaptura ya kaki yenye mistari iliyonyooshwa kwa pasi, nina baiskeli ya kituo, na watu wakipita wananiambia shikamoo hata wale tuliolingana umri. Ndiyo bei yangu. Nimeitafuta bei nyingine ya heshima zaidi, sijaipata.

Juzi Jumanne akaja Mama Sechelela.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Hombolo, yeye na mtamba wake mmoja, wamelala njiani usiku mmoja. Ni mjane, mwembamba, kitambaa cheusi begani, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Mtamba alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, kanenepa kuliko mwenyewe. Uvimbe tu ndio uliomharibu, ngiri ya kitovu, umening'inia chini ya tumbo kama kibuyu kidogo.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Tulipokwisha kuulizana habari za nyumbani akanieleza shida yake kwa Kigogo, taratibu, akimpapasa mtamba sikio. Mwanawe Lazaro amechumbia. Mahari yote imekwisha pelekwa, amebaki ng'ombe mmoja, naye ndiye huyu. Walimpeleka kwa wakwe, wazee wakamzunguka mara mbili, wakainama, wakauona uvimbe, wakamrudisha. Kwetu ng'ombe wa mahari hapelekwi na kilema. Anayepeleka kilema anawaambia wakwe kwamba binti yao ni kilema. Wakampa mpaka mwezi mchanga. Mwezi ukiandama bila ng'ombe, kuna mtu mwingine mwenye zizi kubwa anasubiri, na binti atakwenda huko. Mama Sechelela hana mtamba mwingine. Njaa ya mwaka juzi ilimaliza zizi lake, akabakiwa na huyu, ambaye alimlea ndani ya nyumba kwa maji ya kuchota kwa kata.

Jana jioni alinifuata nilipokuwa nafunga zizi la kituo.

“Mwanangu, nasikia mnawalaza kwa dawa.”

“Ndiyo, mama.”

“Wanalala kweli, au wanakufa kidogo?”

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. “Wanalala tu, mama. Wanaamka.”

“Na huyu ataamka?”

“Ataamka. Mimi mwenyewe nitashika moyo wake. Sitauachia.”

Akanishukuru kwa mikono miwili. Akaenda kulala kwa ndugu yake wa kike anayekaa ng'ambo ya reli. Mimi nikaenda nyumbani nikipiga mluzi. Wahenga walisema ahadi ni deni, nami nilikuwa nimekopa bila hata kuhesabu.

Asubuhi hii tulimlaza mtamba kwenye uwanja nyuma ya ofisi. Alikuwa mpole, hata kamba haikuwa na kazi. Bwana akamvika ule mfuko wa ngozi wenye pamba ya dawa puani. Alikoroma, akapumua kwa pupa, akatulia. Nikapiga magoti, nikaweka vidole. Moyo ulikuwa mzuri. Naandika kwa makusudi: ulikuwa mzuri, mzito, wenye mpango, kama mtu anayetwanga bila haraka. Nikaita namba, Hamisi akaandika. Mama Sechelela alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, si mbali. Wenye mifugo hawaruhusiwi, lakini nilikuwa nimemwachia, ili aone.

Bwana akapasua. Damu kidogo. Alikuwa amekwisha kurudisha utumbo ndani na anatafuta uzi, sikio la mtamba lilipocheza. Pengine ni nzi. Mimi nilikuwa kichwani na niliona nzi. Bwana akarudi nyuma hatua moja, mguu wake mbovu ukamsaliti, uso ukamgeuka mweupe zaidi.

“Bonyeza!”

Nikasema, “Bwana, ni nzi.”

“Bonyeza upesi!”

Nikasema, “Bwana, moyo wake...” na sikumaliza. Alinitazama. Kwa macho yale ya ofisini, ya mtoto na viatu vya babake.

Nikabonyeza.

Imeandikwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia. Wangu ulijua. Kulia kidole kinazama katika jicho, laini na moto, na kushoto mshipa unasita. Moja. Kimya. Nikaachia. Ukaja tena, umevurugika, mapigo matatu ya haraka na moja la mbali, kama vikombe vinavyoanguka kutoka rafu. Nikafumbua mdomo kusema. Wakati huo mguu wa nyuma wa mtamba ukatetemeka, na Bwana akapiga kelele, “Tena! Bonyeza tena, wewe!”

Na hapa ndipo ninapotaka kudanganya hata daftari. Ningependa kuandika kwamba nilibonyeza kidogo tu. Sivyo. Nilibonyeza kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa na hasira naye, na sikuweza kumbonyeza yeye, basi nikambonyeza mtamba. Ndivyo ilivyokuwa. Hasira ya mtu mdogo hutafuta kilicho kidogo zaidi yake.

Moyo ukasimama.

Nikaondoa kidole, nikangoja. Nikangoja. Nikahamisha vidole, nikasogeza, nikabonyeza mshipa, nikaweka sikio ubavuni kama zamani kwa beberu wa baba. Nikasikia tumbo likinguruma, basi. Bwana akauvua ule mfuko, wenzangu wakamkanyaga mtamba mbavu ili apumue, wakammwagia maji, wakavuta ulimi. Hamisi alishika kalamu juu ya karatasi akisubiri namba. Nikamwambia hakuna namba.

Bwana alinawa mikono. Alinawa vizuri, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa taulo. Kisha akamwambia Hamisi aandike: Moyo wa mnyama ulikuwa mbovu tangu zamani. Halafu akanigeukia mimi. “Mwambie yule mama. Mwambie kwa lugha yake. Pole sana.”

Nikamwendea. Nikamwambia, “Mama, Bwana anasema moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani.”

Bwana anasema. Nilijificha nyuma ya maneno mawili hayo kama mtu anayejificha nyuma ya ufito.

Hakulia. Aliinuka kivulini, akaja mpaka alipolala mtamba. Kisha akasema, “Nipasulieni niuone.”

Nikamfasiria Bwana. Akainua mabega. Alikuwa anakwenda kunywa chai, akasema fanyeni mpendavyo, lakini mpishi wake apelekewe mkia, kwani yeye Bwana anapenda supu ya mkia. Naandika tena ili nisije nikafikiri niliota. Mnyama mwenye moyo mbovu tangu zamani, aliyejaa dawa mpaka kwenye ulimi, na mkia wake ni supu. Hata wenzangu walikuwa wamekwisha leta mabakuli. Hamisi peke yake hakusogea, kwa kuwa mtamba hakuchinjwa, na kwake yeye huo ni mzoga. Nilimwonea wivu kwa kuwa na dini yenye jibu la haraka.

Nilifungua kifua mwenyewe. Mama Sechelela aliingiza mikono yake miwili, akautoa moyo, akauosha kwa maji ya mtungi wake aliokuja nao kutoka Hombolo. Akachukua kisu kutoka mkononi mwangu, akaupasua katikati, akaufungua, akautazama kwenye jua kama unavyotazama unga wa duka kama una dudu.

Watu hawa wa ofisi hawajui jambo moja. Kwetu mtu wa umri wake ameona mioyo mingi. Kila sherehe, kila tambiko, kila matanga, mnyama hufunguliwa mbele ya watu na kila kilicho ndani huangaliwa, kwa sababu ndani ya mnyama ndimo habari za mwenye zizi zilimo. Ini lenye doa linajulikana. Moyo wenye maji unajulikana. Bwana alimdanganya mjane juu ya kitu pekee ambacho mjane anakijua kuliko yeye.

“Huu ni mzima,” alisema.

Akaugeuza upande wa pili.

“Nimeona mioyo mibovu. Inakuwa na maji, inakuwa na utando, inanyong'onyea. Huu ni mzima.” Akaniinulia macho. “Wewe uliyesema utaushika. Uliushika wapi?”

Nikatazama kwato.

Akaufunga moyo ndani ya kitambaa chake cheusi. Nyama yote akaiacha. Alisema anaupeleka kwa wakwe, ili wazee wauone na wajue kwamba zizi lake halina ugonjwa, kwamba hakutaka kuwapa ng'ombe mbovu. Wakimwelewa watamwongezea muda atafute mwingine. Wasipomwelewa, basi watasema kwanza alileta kilema, kisha akaleta maradhi, na binti atakwenda. Ataondoka jua likipungua makali, alisema, apate kutembea na ubaridi.

Wakwe wanakaa mbele ya Hombolo. Atafika kesho kutwa.

Nimekaa hapa na kuifikiria hesabu hiyo tangu nilipotapika. Mimi si Danieli wa Mapigo bure, hesabu naijua. Siku mbili, jua hili, kitambaa cheusi. Atakapoufungua mbele ya wale wazee, moyo utakuwa umeoza. Utanuka, utakuwa na maji na utando. Wazee watauinamia kama walivyouinamia uvimbe, na wataona moyo mbovu. Uongo wa Bwana utakuwa kweli kabla haujafika Hombolo, na atakayekuwa ameubeba ni yule mama mwenyewe, mikononi mwake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu umepewa njia ndefu makusudi.

Nimetazama nje. Kivuli cha choo kimefika kwenye kisiki. Jua limeanza kupungua.

Nyumbani tuna chumvi, nusu kopo. Nitampelekea akautie chumvi. Angalau hilo.

*

Magharibi. Nimerudi.

Nilivuka reli nikiwa na kopo la chumvi, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kutenda wema. Nilimkuta anafunga mzigo. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikamwonyesha chumvi, nikamweleza kwamba moyo utaharibika njiani.

Alilitazama kopo, akanitazama. “Chumvi ya nini, mwanangu? Ukiutia chumvi utakauka uwe kipande cha ngozi. Nani atausoma moyo uliokauka? Nikiuacha unaoza, nikiukausha ni kiatu. Unadhani sijui?”

“Sasa mama unaubeba wa nini?”

“Nibebe nini kingine? Nani mwingine atanisemea?”

Nikaweka kopo chini. Sikupanga kusema. Naapa nilikuja na chumvi tu, nirudi nikalale. Lakini alipouliza vile niliusikia moyo wangu ukisita, na safari hii hakuna aliyenibonyeza jicho.

Nikamwambia. Kwa Kigogo, bila Bwana anasema. Nikamwambia moyo wa mtamba ulikuwa mzima, niliushika kwa mkono huu, na niliusimamisha kwa mkono huu. Nikamweleza jicho. Nikamweleza mbwa na punda, na kwamba nilijua tangu masika. Nikamweleza mara ya pili, na hasira. Ndugu yake wa kike alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani ya chungu.

Mama Sechelela akasema, “Nionyeshe.”

Nikampa mkono. Akakishika kidole gumba, akakigeuza huku na huku karibu na uso wake, kama alivyougeuza moyo. Nilidhani atakivunja. Nilitaka akivunje. Akakiachia.

“Basi utakuja nacho,” akasema. “Useme mbele yao hivyo ulivyosema hapa. Usipunguze.”

“Nitakuja.”

“Jana pia uliniambia hivyo. Sitauachia, uliniambia.”

Akaufungua mzigo, akasema atalala hapohapo kwa ndugu yake ili tuondoke pamoja alfajiri. Moyo akanipa mimi. Akasema niukaushe au niutupe au niule, yeye sasa hana haja nao. Nimeubeba kuvuka reli, umelowa ndani ya kile kitambaa, na watu wawili wameniambia shikamoo njiani.

Nimeuzika nyuma ya nyumba, kina cha mkono mzima, ili fisi asiupate. Kitambaa nimekifua. Kesho nitamrudishia.

Kabla ya hapo nilipita kituoni. Hamisi alikuwa amekwenda kuswali, daftari la mapigo liko mezani. Nikaandika katika safu ya maelezo, chini ya moyo mbovu tangu zamani: Moyo ulikuwa mzima. Jicho lilibonyezwa mara mbili. Aliyebonyeza ni mimi. Nikaandika na jina langu lote. Bwana atalikata kwa wino mwekundu, lakini ili alikate itabidi kwanza alisome. Siombi ruhusa ya kwenda Hombolo, kwa hiyo nikirudi sidhani kama nitakuwa na kazi. Huko mbele sijui. Labda wazee watanisikiliza, labda watanifukuza na fimbo na binti aende kwa mwenye zizi kubwa. Kusema kwangu hakuleti ng'ombe, nalijua hilo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimemweleza Eliza yote. Akauliza, “Na kaptura utawaachia?”

“Nitawaachia.”

“Vizuri. Ilikuwa inakubana.”

Kisha akaleta ule ugali wa mchana, ameupasha moto, na mlenda. Akakaa mbele yangu akaniuliza nitakula kwa mkono gani. Nikamwambia huuhuu, ndio ninaokwenda nao. Nikanawa mara moja tu. Nikamega, nikabonyeza kishimo, nikachovya.

Bado kinanuka. Nimekula hivyohivyo mpaka nimemaliza.